Mvumo wa Sebuleni

7 Novemba, Jumanne

Ukungu tangu asubuhi. Kilima cha taka za makaa nyuma ya reli sijakiona leo hata kidogo.

Nimefungua daftari jipya kwa sababu Eckart amenipa tepu, na kila tulipoanza albamu nimeanza daftari. Albamu hii ni ya kumi na tisa. Sitajidanganya, ni ya mwisho. Daktari amemwambia mapafu yaliyobaki ni robo, na hiyo robo yenyewe inazidi kukakamaa. Miaka thelathini ya kuchomelea mabomba kwenye matanuri ya makaa, na sigara juu yake.

Nilimkuta kwenye kiti chake cha ngozi, mrija puani, mashine ya oksijeni ikivuma pembeni kama kawaida. Hakunisalimu. Akanitupia boksi la tepu mapajani. Juu yake ameandika "Dakika 41", basi.

"Umeipiga lini?" nikamuuliza.

"Hee! Unaanza maswali uzeeni?"

Ana haki. Kanuni yetu tuliiweka tukiwa bado tuna nywele ndefu wote wawili. Mmoja anarekodi peke yake, anampa mwenzake bila neno, na mwenzake anaongeza kile anachoona kinapungua. Hakuna kuulizana, hakuna kuelezana. Tumegombana kwa kila kitu kinachogombewa duniani, lakini kanuni hiyo hatujaivunja hata siku moja.

Nilipokuwa navaa koti akaniita. Ilibidi apumzike katikati ya maneno.

"Heidrun. Nataka niishike. Santuri yenyewe, na jalada lake. Nikae hapa, kwenye kiti hiki hiki, niisikilize mwanzo mpaka mwisho. Baada ya hapo, mambo mengine yaende yanakotaka."

"Kwenye kiwanda cha santuri foleni ni ndefu, Eckart. Tutafika Februari."

"Basi toka. Umesimama mlangoni unatuingizia baridi."

Roswitha, mkewe, alinisindikiza mpaka ngazini kimyakimya. Miaka arobaini namjua huyu mama, na hajawahi kuniambia kwamba albamu yetu hata moja ni nzuri. Kwake sisi ni watu wawili wazima wanaochezea swichi.

9 Novemba

Mvua. Nimeisikiliza tepu mara mbili, nimelala chali sakafuni, taa zote zimezimwa, kama tunavyosikilizaga muziki wa namna hii.

Sauti tatu tu, za kile kinanda cha umeme alichokiunda mwenyewe kwa mikono yake. Zinakuja polepole, zinapishana, zinaondoka. Juu ni pazuri mno. Chini hakuna kitu, patupu kabisa, unasikiliza huku unahisi utaanguka. Tena zote ziko chini kidogo ya pale zinapotakiwa kuwa. Kinanda kile kikipata baridi sauti hushuka. Zamani angeigundua kasoro hiyo kabla hajavua kofia. Safari hii hakuigundua.

Nimelia kidogo. Sikio nalo limeanza kumkimbia.

10 Novemba

Mvua. Sijafanya kitu.

14 Novemba, Jumanne

Kwa Eckart. Kahawa, na keki ya tufaha ya Roswitha.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Haya."

Akaniangalia kwa muda, kama anayesubiri chenji. Mimi nikaongelea hali ya hewa. Mashine ilikuwa inavuma, lakini mimi nimeshaizoea. Nikikaa dakika kumi siisikii tena. Mwaka mzima sasa, kila Jumanne, nimejifunza kuifungia masikio, na najivunia kidogo. Mgonjwa hapendi kuona wageni wanaangalia mashine yake.

23 Novemba

Nimemaliza. Nimezipandisha zile sauti tatu mpaka mahali pake, taratibu, bila kuacha kovu. Kisha nikapiga besi. Dakika arobaini na moja nzima, kwa mkono, bila kurudia, kwenye kile kinanda kikubwa cha chumba changu cha nyuma. Noti moja ndefu inayojikunja kidogo kidogo. Sasa wimbo una sakafu, mtu anaweza kusimama juu yake.

Nadhani ndiyo kazi bora niliyowahi kuifanya. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka.

Nimempelekea Volkmar, mwenye lebo yetu, ambaye lebo yake yote inaenea kwenye gereji lake. Amejibu: "Jamani. Jamani. Naipeleka kiwandani leo."

28 Novemba, Jumanne

Eckart alilala muda wote nilipokuwepo.

6 Desemba

Barafu barabarani. Nimeanguka mbele ya duka la mikate, nimeumia goti.

19 Desemba, Jumanne

Roswitha alipika kabichi na soseji. Eckart alikula vijiko vitatu. Nikaona gramafoni yake ina vumbi la kuandikia jina, nikamuuliza Roswitha jikoni.

"Hajaigusa tangu mashine iingie ndani," akasema. "Aliweka santuri wiki ile ya kwanza, akaitoa. Akaweka nyingine, akaitoa. Akafunga kifuniko."

"Amekata tamaa," nikasema.

Roswitha akaniangalia, akaendelea kuosha masufuria huku akiimba mdomo umefungwa, sauti moja tu, ile ile, chini kwa chini. Ana tabia hiyo siku hizi. Nikajisemea moyoni: mume anakufa, yeye anaimbia masufuria.

24 Desemba

Niko peke yangu. Vizuri tu.

9 Januari, Jumanne

Midomo yake ina rangi ya bluu. Mashine wameipandisha namba.

"Lini?" akaniuliza.

"Santuri ya majaribio mwisho wa mwezi."

"Nitajaribu na mimi," akasema, akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikachukua robo saa. Nilimshika mgongo. Mifupa yote naihesabu kwa kiganja.

16 Januari, Jumanne

Theluji, kisha mvua, kisha tope. Hakuongea leo.

25 Januari

Santuri ya majaribio imefika! Jalada jeupe, katikati peupe, haijaandikwa kitu. Nimeisikiliza pande zote mbili kwangu. Hakuna mkwaruzo, hakuna mruko. Kiwanda kinataka jibu kama tumeridhika, ndani ya siku mbili, ukichelewa unarudishwa mwisho wa foleni. Nimesaini leo leo. Kwa haki nilitakiwa nimsubiri Eckart asikie kwanza, lakini siku mbili kwetu sasa hivi ni nyingi.

Jumanne nitampelekea. Nimenunua na maua, sijui kwa nini.

30 Januari, Jumanne

Naandika jioni.

Nilifika saa nne asubuhi. Roswitha alikuwa ameshafuta vumbi kwenye gramafoni. Eckart alikuwa amenyolewa, amevaa shati la mistari, amekaa wima. Sijamwona wima tangu kiangazi. Nilimpa santuri, akainusa. Akaipitisha kidole ukingoni, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaangalia mifereji yake kama anavyofanyaga tangu tuko vijana.

"Weka," akasema.

Nikashusha sindano.

Zilikuja sauti zake tatu, kisha ikaingia besi yangu, na papo hapo chumba kikaanza kugonga. Sijui niseme vipi kingine. Mashine ya oksijeni ina noti yake. Noti hiyo na besi yangu zilikaribiana sana bila kufanana, zikaanza kusukumana: wau, wau, wau, mara mbili tatu kwa sekunde, mpaka vioo vya kabati vikatetemeka. Na zile sauti tatu juu yake, nilizozipandisha kwa uangalifu wote ule, zikakwaruzana na mashine kila moja kwa namna yake. Ndipo kwa mara ya kwanza, baada ya mwaka mzima na zaidi wa kunywa kahawa pembeni ya mashine ile, nikaisikia.

Eckart aliinua mkono. Roswitha akanyanyua sindano.

Mashine ikabaki inavuma peke yake. Chini kidogo ya pale besi yangu ilipokuwa. Chini kwa kiasi kile kile nilichokuwa nimezipandisha sauti zake.

"Uliipiga na hiyo," nikasema. Nilinyoosha kidole kwenye mashine. "Ulilinganisha kinanda na hiyo."

"Na nani tena? Ndiyo bendi niliyobaki nayo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kanuni, Heidrun."

"Kanuni! Eckart, mimi nilidhani kinanda kimepoa. Nilidhani sikio..."

"Limekufa." Akavuta pumzi, akapumzika. "Mwaka mzima sijaweza kusikiliza kitu. Kila santuri ninayoweka inagombana na hii takataka, na hii takataka siwezi kuizima. Basi nikatengeneza moja isiyogombana. Takataka yenyewe iwe besi. Nikaacha nafasi yake."

Hiyo ndiyo nafasi niliyoijaza mimi.

"Kila Jumanne umekaa hapo," akasema. "Nikajua, huyu masikio anayo. Ataisikia tepu, atasikia mashine, ataelewa, ataniletea kama ilivyo. Ndiyo maana nilikupa bila wasiwasi."

Akaniangalia usoni, akaona hali yangu, akajaribu kunipunguzia.

"Umenimwagia zege sebuleni, mwanamke wewe."

Akacheka. Mimi sikuweza. Nikamwambia nitaleta tepu kesho, na mashine yangu ya tepu, aisikilize kama ilivyo. Akakataa kwa kichwa.

"Tepu naijua, niliipiga mwenyewe. Tepu ni kazi. Nataka santuri, nikae kama mtu aliyenunua."

Roswitha alinisindikiza ngazini. Safari hii alifungua mdomo.

"Mimi nilidhani unajua," akasema. "Alikuwa akiipiga hapa kila siku mchana, miezi mitatu. Mimi nisiyejua muziki nilijua. Ndiyo pekee kati ya zenu zote niliyoipenda."

Ndipo nikaelewa alikuwa akiimba nini kwenye masufuria.

31 Januari

Volkmar anasema kiwanda kimeshaanza. Nakala mia tatu. Nikampigia Eckart kumuuliza tusimamishe. Roswitha alimshikia simu sikioni.

"Waache," akasema. "Wengine hawana mashine majumbani mwao. Watahitaji zege lako."

Nilitaka anitukane. Ingekuwa nafuu.

1 Februari

Yuko mtu mjini Hagen anayekata santuri moja moja kwa mashine ya zamani, kwenye chumba cha chini cha nyumba yake. Foleni yake ni wiki tatu. Nikamweleza ni ya nani na kwa nini. Akasema albamu yetu ya pili ndiyo iliyomfanya aanze kazi hii. Yetu ataifanya kwa wiki moja.

Nimempelekea tepu kama ilivyo. Kwanza nilimwambia anaweza kupandisha sauti kidogo, nikajikatiza kabla hajajibu. Usiongeze kitu, nikamwambia. Usiguse.

Wazo la kurekodi ule mvumo wenyewe niuweke chini ya wimbo lilinijia, nikampigia Eckart. Jibu lake: "Thubutu. Nimekaa na huyo shetani kwa sababu ya lazima. Sitamwingiza kwenye nyumba za watu."

6 Februari, Jumanne

Tuliongea kidogo. Nilimsikiliza na mashine pamoja. Kuna wakati mvumo unapungua kidogo kisha unarudi, kila baada ya sekunde nane hivi, na sauti zake za kwenye tepu zinapishana hapo hapo. Yote yamo mle.

9 Februari

Mtu wa Hagen amemaliza. Nimeifuata kwa treni kwenye theluji. Ameiandika katikati kwa mkono: "Dakika 41. Nakala 1 kati ya 1."

10 Februari

Nilifika kwao saa tatu asubuhi na santuri kwapani. Mlango ulikuwa wazi, nyayo zenye theluji mpaka sebuleni, kiti kitupu. Gari la wagonjwa lilikuwa limemchukua nusu saa kabla. Roswitha alikuwa amekwenda naye. Mashine walisahau kuizima. Ilikuwa inavuma na mrija wake umelala sakafuni, unalipulizia zulia hewa.

Nikaizima. Nikakaa kwenye ngazi mpaka jirani akaniuliza kama nahitaji maji.

13 Februari, Jumanne

Hospitali. Nilimpa santuri. Aliishika kwa mikono miwili juu ya kifua, ikawa inapanda na kushuka, zaidi inashuka.

Nilikuwa nimebeba vile vya kuvaa masikioni, na wimbo kwenye simu. "Isikilize sasa," nikamwambia.

Akaonyesha ukutani. Oksijeni ya hospitali inatoka kwenye tundu ukutani, haitoi sauti yoyote.

"Huku hakuna mwenzake," akasema. "Ijumaa wananirudisha nyumbani. Nitaisikiliza Ijumaa."

"Sikiliza nusu, Eckart. Tafadhali."

"Nusu ya nini? Umekuwa mtu wa nusu lini wewe?"

Muuguzi alisema kweli, wamepanga Ijumaa. Nilikwenda nyumbani kwao nikasafisha sindano ya gramafoni, nikaiwasha mashine kuhakikisha inafanya kazi, nikaizima.

15 Februari

Alhamisi, saa nane na dakika kumi mchana.

22 Februari

Tumemzika. Mvua na upepo. Watu wa muziki walikuja kama arobaini, wote wazee, wote wamevaa makoti meusi ya siku zote. Wakataka tupige kitu pale makaburini. Roswitha akasema hapana.

1 Machi

Albamu imetoka rasmi. Yule Mholanzi anayetoa orodha ya matoleo mapya kila mwezi, ambaye sisi sote tunamsoma kama gazeti la serikali, ameiweka ya kwanza, juu ya zote. Ameandika hivi, kwa majina yetu ya ukoo, la Eckart kwanza: "Lohbeck anapaa, lakini anayetushika tusipotee ni Tewes. Besi yake ni sakafu ya albamu hii, na huenda ni sakafu ya maisha yao yote ya pamoja."

Volkmar amepiga simu analia kwa furaha. Nakala zimekwisha kabla ya chakula cha mchana. Barua pepe nimepata kumi na saba, zote za besi.

Nilianza kumwandikia Mholanzi kumweleza. Nimefuta. Nikaanza tena, nikafuta. Nina hasira naye, na yeye hana kosa.

5 Machi, Jumanne

Leo watu wa kampuni ya oksijeni wamekuja kuchukua mashine.

Fundi wao anaitwa Plaschke, mtu mzima, mnene, anahema mwenyewe kwa zile ngazi. Roswitha alikuwa ameniita mapema, hakusema sababu. Nilipoingia nikaona santuri ya Hagen imeshawekwa kwenye gramafoni.

"Mzee," nikamwambia Plaschke, "tuachie dakika arobaini na moja."

"Mama, nina nyumba nyingine sita."

"Basi upande mmoja. Ishirini."

Akamwangalia Roswitha, akaangalia kiti. "Ishirini nakula mkate wangu," akasema. "Naweza kukaa hapo?"

"Kaa," Roswitha akasema. "Mwenyewe hayupo."

Roswitha akaiwasha mashine. Mimi nikashusha sindano. Sikulala sakafuni, nilisimama.

Sitaweza kuandika vizuri nilichosikia. Zile sauti tatu zilikuja zikaikuta mashine inazisubiri. Mvumo ule wa chuma, mbaya, niliokuwa nimeufungia masikio mwaka mzima, ulikuwa chini ya kila kitu, na haukuwa mbaya tena. Ulipopungua, sauti zilipungua. Uliporudi, zilirudi nao. Ilikuwa ni Eckart anapumua. Alikuwa ameandika jinsi anavyopumua na kile kinachompumulia, na alinipa mimi, na mimi nikamsahihisha.

Plaschke aliacha kutafuna. Roswitha alikuwa mlangoni na mikono yenye povu, anaimba ile noti yake mdomo umefungwa, machozi yanamtoka bila kuyajali.

Dakika ya kumi na nne simu ya Plaschke ikalia. Akasikiliza, akasimama.

"Samahani, akina mama. Yule mgonjwa wa mji wa Recklinghausen, mashine yake imekufa. Anapumua kwa mtungi, na mtungi una nusu saa. Inabidi nimpelekee hii."

Alikuwa anasita, jamani, ndugu wa watu, anaangalia swichi, anaionea haya. Nikamwambia nenda. Nikaizima mwenyewe. Akakunja waya, akaibeba kifuani, tukamsikia anateremka ngazi moja moja, kisha gari likaondoka.

Sindano ilikuwa bado inatembea. Sauti tatu zikabaki juu peke yake, chini patupu, zinapishana na kitu kisichokuwepo, kama nilivyozisikia ile siku ya kwanza ya mvua. Roswitha alikuwa ameacha kuimba. Akaniangalia mikono yangu, nami nikaiangalia.

Dakika sita zilizobaki tulizisikiliza hivyo hivyo, mpaka sindano ikafika mwisho. Safari hii sikugusa kitu.